Ngoma ya Mama Katika Diski Mbili

Handali,
11 Februari 2024

Mwanangu Lydia,

Mbukwenyi, wewe na wote unaokaa nao huko mjini. Mimi mzima. Kifua kimetulia, miguu inanipeleka shambani na kunirudisha. Mvua imekuja kwa uchoyo mwaka huu, ila karanga zimeshika na uwele wa bondeni umenifika magotini. Wewe je, mama, unakula? Mchungaji alikuona sokoni huko Dodoma, akarudi kuniambia umekonda. Sikupenda kuambiwa na mtu mwingine jambo ambalo ningeliona kwa macho yangu.

Naandika kwa sababu simu kwangu ni kipande cha plastiki. Zile sindano za kifua ziliniponya mapafu zikachukua masikio, na meseji zenu herufi zake ni ndogo kama sisimizi. Karatasi inanitosha. Yotham, kondakta wa basi letu, amekubali kuzibeba barua zangu na kuniletea zako, ukimfuata stendi.

Sasa nikuambie kilichonifanya nichukue kalamu. Wiki iliyopita nilikwenda kwa Penina, yule aliyekuwa akipiga ngoma pamoja na mama yenu. Nilimkuta amewasha redio, ameiweka juu ya meza ya mbao, nami nikaegemeza mkono hapo nikimsubiri aniletee maji. Nikahisi kitu mkononi. Du, du-du, du. Nikamwuliza, "Penina, kuna ngoma humo?" Akatikisa kichwa kukubali. Lydia, ni muda mrefu sana sijasikia ngoma, na siku hiyo niliisikia kwa kiganja. Maji alipoyaleta sikuyanywa.

Ndipo Penina akanikumbusha jambo. Mwaka ule nilipolazwa, watu wa redio walikuja hapa kijijini wakawarekodi akina mama wakipiga muheme, ngoma yetu ya wanawake, tangu asubuhi mpaka jua likapoa, na mama yenu ndiye aliyeongoza. Mimi nilikuwa wodini. Niliporudi masikio yalikuwa yameshakufa, kwa hiyo kile walichokirekodi sikuwahi kukisikia hata mara moja. Mwaka unakwisha sasa tangu tumzike, na hapa nyumbani ngoma yake imetundikwa ukutani, haina mtu.

Mchungaji anasema hiyo redio ndiyo uliyopata kazi ya kuwatengenezea kompyuta, huko Ihumwa. Kama ni kweli, waombe wanipe ngoma ya mama yenu. Nitaweka viganja juu ya spika nimsikilize.

Na hiyo kazi yenyewe ni kazi gani? Watu wananiuliza, nami nabaki kusema tu "kompyuta", kama mtu asiyejua mwanawe anafanya nini.

Ni mimi baba yako,
Marko


Ihumwa, Dodoma,
25 Februari 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako Yotham alinipa mkononi, nikaisoma palepale stendi nimesimama, watu wakinipiga vikumbo. Mimi sijambo. Ni kweli nimekonda kidogo, ni jua la huku na kula kwa kudokoadokoa. Usiwe na wasiwasi. Wasalimie akina mama wote, na Penina umwambie shikamoo yangu.

Ni kweli niko hapo redioni, ingawa si mwajiriwa wao. Kampuni yetu ndogo imepewa kazi ya kuwawekea programu mpya ya kurushia matangazo, nami ndiye niliyetumwa. Acha nikueleze, ili ukiulizwa uwe na la kusema.

Redio ina kompyuta moja kubwa inayokaa kwenye chumba cha baridi. Tunaiita seva. Nyimbo zote, taarifa, matangazo ya biashara, kila kitu kimo humo. Watu hudhani kazi ni kuweka programu. Programu ni jambo la mwisho, baba. Mashine inapowaka tu, kuna sekunde chache ambazo bado haijajua ni ya kazi gani. Hapo unabonyeza kitufe, unaingia mahali panapoitwa BIOS, na humo unaiambia mambo ya mwanzo kabisa: leo ni tarehe ngapi, ianze kuwaka kutokea wapi, umeme ukikatika na kurudi iwake yenyewe au imsubiri mtu. Ya hapa ilikuwa inaamini tuko mwaka 2012, kwa sababu kibetri chake cha saa kimekufa. Nilicheka peke yangu. Halafu nikafikiri, mwaka 2012 mama alikuwa na nguvu zake zote. Nikabadilisha tarehe.

Baada ya BIOS unapanga diski, ndizo zinazotunza vitu. Kupanga huko kunaitwa RAID. Ukiwa na diski mbili, unaweza kuzipanga kwa namna mbili. Namna ya kwanza, kila kitu kinaandikwa mara mbili, huku na huku. Moja ikifa, nyingine inabaki nacho chote. Namna ya pili, kila kitu kinakatwa vipande na kugawanywa, kipande huku, kipande kule. Mashine inakwenda mbio na nafasi inakuwa kubwa, lakini moja ikifa, ile iliyobaki haina hata kitu kimoja kizima.

Ya hapa sijajua waliipangaje. Umeme ulikatika vibaya wiki mbili zilizopita, na tangu siku hiyo mashine haifiki mwisho wa kuwaka. Redio inarusha kwa laptop ya mtangazaji mmoja, Nasra. Nimemwuliza habari za Handali, na amekumbuka! Ndiye aliyekuja na kile kinasa sauti. Anasema mama alimlisha mlenda akaomba kuongezwa. Kile kinasa chenyewe walishakifuta kwa kazi nyingine, ila kila kitu walikihamishia kwenye seva.

Baba, ukipanga diski upya kila kilichokuwemo kinafutika. Kwa hiyo kabla sijapanga chochote, nitamtafuta mama humo ndani. Nakuahidi.

Mwanao,
Lydia


Handali,
10 Machi 2024

Mwanangu Lydia,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, na leo sijambo zaidi ya juzi. Barua yako nimeisoma mpaka mikunjo yake imeanza kuchanika. Nilimpa Mchungaji naye akaisoma, na sasa akiulizwa ananiachia mimi nieleze. Nasema, "Mwanangu anaifundisha mashine siku ya leo ni siku gani." Watu wanashangaa.

Hilo la diski mbili nimelifikiria sana nikiwa shambani. Kama mtu ana kitu cha thamani, kwa nini akikate? Namwomba Mungu kwamba yule aliyeipanga mashine hiyo awe mtu wa namna ya kwanza.

Nimefanya jambo ambalo labda ungenizuia. Nimewaambia akina mama. Sikuweza kukaa nalo peke yangu. Penina alilia, halafu akacheka, halafu akaenda kuwaambia wengine kabla hata sijamaliza uji. Wamekubaliana waje nyumbani kwetu Jumatatu ya Pasaka. Mchungaji ataleta spika ya kanisa na betri ya sola. Salma wa dukani, ambaye hata Pasaka si sikukuu yake, amesema sukari ya chai ni juu yake, kwa kuwa mama yenu ndiye aliyempokea mtoto wake wa kwanza usiku ule gari lilipokosekana.

Nimeipangusa vumbi ile ngoma ukutani. Ngozi imelegea upande mmoja. Nimeianika.

Hujui, Lydia, jinsi nyumba inavyokuwa kwa mtu asiyesikia. Mama yenu alipokuwa hai nilikuwa najua yuko jikoni kwa sababu sakafu ilinitetemekea miguuni akitwanga. Sasa sakafu imetulia. Ninakaa ndani ya nyumba iliyotulia juu na chini.

Sikuharakishi. Fanya kazi za watu kwanza. Ila Pasaka ni tarehe thelathini na moja.

Baba yako anayekusubiri,
Marko


Ihumwa,
27 Machi 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua hakijasumbua kwa huu ukungu wa asubuhi. Mimi mzima, ila kazi zimenibana, nisamehe kwa ufupi.

Yotham amebeba bahasha ndogo. Ndani mna flashi, nyeusi, ina kamba nyekundu. Mchungaji aichomeke kwenye spika, itapiga yenyewe. Ni dakika kumi na moja. Ndicho kilichopatikana.

Wasalimie akina mama. Mfurahie sikukuu.

Mwanao,
Lydia


Handali,
4 Aprili 2024

Mwanangu Lydia,

Bwana amefufuka. Mimi mzima, na wote hapa wazima. Natumaini nawe ulipumzika hata siku moja ukala chakula cha kupikwa.

Nikueleze ilivyokuwa.

Walikuja wote, hata bibi mmoja aliyekuja kwa kushikiliwa mikono. Wakatandika mikeka, wakakaa. Mchungaji akafunga spika kwenye betri, akachomeka ile flashi yako ya kamba nyekundu. Nikavuta kigoda karibu, nikafumba macho, nikaweka viganja vyote viwili.

Ngoma ikaja. Ikapanda kwenye mikono mpaka mabegani, na mwanzoni nilisahau kila kitu kwa furaha. Nikasema moyoni, Evelina, karibu. Halafu nikaanza kuusubiri mkono wake wa kushoto.

Wewe ulimzoea, labda hukuwahi kuutazama. Mama yenu aliungua akiwa msichana, na vidole viwili vya mkono ule havikukunjuka tena. Akipiga ngoma, mkono wa kulia uliongea, wa kushoto uliitikia nusu, kama mtu anayegonga mlango bila kutaka kuamsha watoto. Hata kwenye kutwanga ilikuwa hivyo. Hata akinipigapiga mgongoni wakati wa kikohozi. Nimeishi pembeni ya mkono huo toka ujana wangu.

Kwenye spika ile kulikuwa na mikono miwili mizima.

Nikafumbua macho. Penina alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge. Mwingine alikuwa ameinama anachora mchanga kwa kidole. Wao wanasikia, Lydia, kwa hiyo nadhani walijua tangu mwimbaji alipofungua kinywa. Walikuwa wananitazama mimi, na walipoona nami nawatazama, wakaanza kupiga makofi. Basi nami nikatabasamu. Nikatikisa kichwa kufuata mdundo, nikaacha mikono pale mpaka spika ilipotulia. Wakafurahi kwamba nimefurahi. Tukanywa chai ya Salma.

Walipoanza kuondoka nikamzuia Penina. Nikamwambia, "Yule si Evelina."

Akasogea mbele yangu ili nisome midomo. "Umejuaje?"

"Nanyi mbona mlipiga makofi?"

Akajibu kitu kirefu. Sikuweza kukisoma, kwa sababu midomo yake ilikuwa inatetemeka.

Sasa, mama, mimi si mtu wa mashine. Nadhani mafaili yanafanana, na Nasra amerekodi vijiji vingi. Kama mlichanganya, tafuteni tena taratibu, nitasubiri. Kama hamkuchanganya, niambie.

Baba yako,
Marko


Handali,
28 Aprili 2024

Lydia mwanangu,

Nimemwuliza Yotham kama bado anakuona. Anasema ulipokea barua yangu, ukamshukuru, ukaondoka, na tangu hapo hujarudi stendi. Kwa hiyo najua u hai na kwamba umesoma. Afya yangu ni ileile. Karanga zimeanza kukauka majani.

Chochote ulichonacho, kiandike. Mimi ni mtu mzima.

Baba


Ihumwa,
12 Mei 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika tena nikaichana. Leo nimeamua itakayotoka ndiyo itakayokwenda.

Hatukuchanganya. Nilijua.

Siku nilipofungua mfuniko wa ile seva, diski moja ilikuwa inawaka taa ya kijani na nyingine nyekundu. Nikaingia kwenye mpangilio wa RAID kuangalia. Ilikuwa ya namna ya pili, baba. Ile ya kukata. Aliyeipanga alishaondoka hapa miaka mingi, hakuna anayejua hata anaishi wapi, na labda aliambiwa tu nafasi haitoshi akatafuta nafasi. Nilikaa sakafuni kwenye kile chumba cha baridi mpaka Nasra akaja kunitafuta.

Sikukubali kirahisi. Kuna mtaalamu anaitwa Abdulwahab, kijana mpole, anakaa Chimwaga karibu na chuo. Nikampelekea diski zote mbili. Iliyokufa aliisikiliza kwa sikio, akaizima mara moja. "Dada, hii inajikwaruza yenyewe. Kila nikiiwasha naiua zaidi." Kwenye ile nzima akatoa kila kilichoweza kutoka. Akanipa maelfu ya vipande visivyo na majina, kila kimoja cha kufumba na kufumbua. Mimi na Nasra tukagawana. Nilikuwa nasikiliza nikitoka kazini, nasikiliza nikipika. Nusu ya neno la tangazo la sabuni. Nusu ya kwaya. Mtu anataja bei ya mahin—, basi, kimekatika.

Siku moja nikapata sauti ya mwanamke, kwa mbali kuna watu wanacheka, na yeye anasema, "Haya jamani, tuanz—". Baba, nilipiga kelele. Nilikirudia mpaka jirani akagonga ukuta. Nilijua ni mama, nilikuwa na hakika. Kesho yake nikamwekea Nasra masikioni nikawa namwangalia uso. Akakisikiliza. Akakirudia. Akavua zile spika za masikio taratibu, akanishika mkono.

"Lydia, huyo ni mimi."

Ilikuwa ni sauti yake mwenyewe, anawaambia akina mama waanze. Huenda ilikuwa huko Handali, huenda ni kijiji kingine. Kipande kinachofuata kilikuwa kwenye diski iliyokufa.

Siku hiyohiyo ndiyo Yotham aliniletea barua yako inayotaja Jumatatu ya Pasaka, na sukari ya Salma, na ngoma uliyoianika. Nikashindwa. Nasra alikuwa na muheme wa kijiji kingine kwenye flashi yake, kutoka sherehe fulani. Nikajiambia, baba hasikii. Ataweka mikono, atahisi ngoma, ataridhika, na akina mama watanisamehe. Nilikudanganya kwa sababu ya masikio yako. Hilo ndilo sikuweza kuliandika majuma yote haya.

Kuna moja limebaki. Pasaka ilipopita, meneja wa hapa, Optatus, aliniita. Si mtu mbaya. Aliniambia, "Dada Lydia, pole sana, nimeacha muda upite kwa heshima ya mama. Lakini redio haiwezi kuendelea kutangaza kwa laptop. Hiyo diski nzima irudi kwenye mashine, iungane na hii mpya, tuweke programu." Nikamwuliza kama tungeweza kuitunza tu. Akasema, "Kutunza nini?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa anauliza kweli.

Basi nikafanya kazi yangu. Nikaingia BIOS, nikaangalia tarehe, nikaweka iwake yenyewe umeme ukirudi. Nikaingia kwenye RAID, nikazipanga hizo mbili kwa namna ya kwanza, kila kitu mara mbili. Ikaniuliza kama nina hakika, maana vyote vilivyomo vitafutika. Nikabonyeza. Hakukuwa na la kuona, mstari wa kijani tu ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia. Nilisimama mpaka ulipofika mwisho, kama tulivyosimama makaburini wakati wanashindilia udongo. Halafu nikaweka programu. Inafanya kazi vizuri. Wote wamenisifu.

Baba, Nasra anasema yuko tayari kuja na kinasa kipya tuwarekodi akina mama upya. Mimi nitasimamia mwenyewe, hakuna kitakachopotea tena. Niambie lini.

Nisamehe ukiweza.

Mwanao,
Lydia


Handali,
9 Juni 2024

Mwanangu Lydia,

Mbukwa, mama. Mimi mzima. Karanga tumeng'oa, hazikuwa nyingi, ila ni nzito.

Nilikasirika. Nakuambia hivyo kwa kuwa sote tumeshachoka na uongo. Nilisoma pale uliposema "baba hasikii", nikakunja karatasi, nikaenda shambani nikang'oa mstari mzima wa karanga ambazo hazijakomaa. Siku kadhaa sikutaka hata kuona bahasha. Halafu nikamfikiria huyo binti anayepika huku anasikiliza nusu ya maneno, anamtafuta mama yake kwenye tangazo la sabuni. Huyo binti ni wangu. Hasira ikaisha, na kilichobaki hakikuwa hasira.

Hukuipanga wewe ile mashine. Usijibebeshe.

Nilipeleka neno la Nasra kwa akina mama. Walikaa, wakazungumza, midomo yao ikaenda muda mrefu. Mwishoni Penina alikuja akakaa mbele yangu. Akasema, "Shemeji, tunamshukuru. Ila hatutapiga." Nikamwuliza kwa nini. Akasema tangu mazishi wamejaribu mara moja tu. Walikuwa wamezoea kuingia pale Evelina anapoacha. Siku hiyo walikaa na ngoma magotini, wakangojeana, kila mmoja akimtazama mwenzake, mpaka mmoja akainuka akasema anakwenda kutazama mboga jikoni. Hawakukutana tena. Yule bibi wa kushikiliwa mikono amehamia kwa mwanawe huko Zuzu. Mwingine haoni vizuri. Kwa hiyo msije na kinasa.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Masikio yalipokufa, sauti ya mama yenu ilinibaki kichwani. Niliingia nayo hospitali, nikatoka nayo. Akinisemesha niliona midomo, na sauti niliiweka mwenyewe, ileile yake, yenye kukwaruza kidogo mwishoni mwa neno. Hata alipofariki niliendelea kuwa nayo. Lakini mwaka huu nilianza kuhisi inapungua, na ndiyo maana nikaitaka ile ngoma kwa haraka kama mtoto. Nilidhani nikishika ngoma, na sauti itarudi mahali pake.

Haikurudi. Tangu Pasaka, nikimkumbuka, anafungua kinywa kama mnavyofungua ninyi wote, na hakuna kinachotoka. Juzi niliota yuko mlangoni ananiita. Nilijua kwamba ananiita kwa sababu nilimwona. Nilibaki nimekaa namtazama midomo, najitahidi kusoma anataka nini, mpaka nikaamka.

Usitume kitu kingine kwa Yotham. Panda basi lake uje mwenyewe. Wewe masikio unayo, na sauti yake bado unayo. Utakaa mbele yangu, kwenye mwanga, unieleze polepole ilikuwaje.

Baba yako,
Marko